Fuawe Ilipolala Buchani

Asanteni kwa bango. Nimelisomea barabarani, nikarudi nyuma kidogo nilione vizuri, nusura nigongwe na bodaboda. "Karakana ya Mama Limi, Visu Imara." Rangi mmeimwaga mpaka kwenye kioo cha dirisha, lakini nia yenu nimeiona. Nilicheka peke yangu pale hadi yule mwenye bodaboda akaniuliza, "Bibi, uko salama kweli?"

Niko salama. Ila bango lenu linadanganya, wajukuu zangu. Mmeandika jina langu kana kwamba karakana hii niliizaa siku moja na Limi. Kabla yangu ilipita mikononi mwa wengine, na kuna kipindi, sikilizeni vizuri, mwenye mali alikuwa muuza nyama ambaye hajawahi kufua hata msumari. Mnacheka? Muulizeni mtu mzima yeyote hapa mtaani Nyahanga. Wakati huo tulikaribia kuipoteza kabisa, na mimi nilikaribia kurudi sokoni kuuza miiko. Basi leo asubuhi hakuna kufua. Mkaa uacheni, tuongee.

Na wewe unayekalia fuawe ukila chapati, inuka. Sijasema usile. Nimesema inuka.

Hicho chuma cha kufulia unachokigeuza kiti kilitoka Geita, kwenye mgodi wa zamani wa enzi za wakoloni. Baba yake Mzee Jivan alikuwa mhunzi kule. Mgodi ulipofungwa, wenzake waliondoka na vitanda, wengine na masufuria, wengine na wake. Yeye alichagua kipande hicho cha mashine iliyokufa, akakipakia kwenye lori la pamba, akashuka nacho hapa Kahama. Watu walidhani amechanganyikiwa. Akakiweka juu ya gogo, akawasha moto, akaanza kufua visu. Huyo ndiye mwenye mali wa kwanza. Mimi sikumkuta, alishafariki na kumwachia mwanawe.

Mzee Jivan nilimkuta. Mhindi wa Kigujarati aliyezaliwa Geita na kukulia kwa Wasukuma, anaongea Kisukuma kuliko mimi niliyenyonya nacho. Asubuhi ukimwamkia "Wangaluka" anakujibu na kukuuliza habari za ng'ombe wa baba yako mmoja mmoja. Mjini kote walimwita Ngosha, mwanamume wa Kisukuma, na alipenda.

Nilikuja kwake mwanzoni mwa miaka ya tisini, Limi akiwa mgongoni. Nilikuwa nachonga miiko na mipini ya majembe, nauza sokoni. Siku moja akanunua mwiko, akaugeuzageuza, akaupima uzito kiganjani, akasema, "Mayu," ndivyo alivyowaita kina mama, "mikono yako inapoteza muda kwenye ugali. Njoo unitilie visu mipini." Wazee wa mtaani walikuja kumwonya. Walimwambia mwanamke hakanyagi kwa mhunzi, chuma kitakataa kushika makali. Akawasikiliza kwa heshima zote, akawapa chai, akasema, "Chuma changu kilizaliwa mgodini, hakikufundwa mila." Wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nikabaki.

Sasa msidhani nilikuwa hodari tangu siku ya kwanza. Mipini yangu ya kwanza niliichonga kwa mninga mbichi, kwa sababu mbichi unachongeka kama muhogo na mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Kiangazi kikaja. Mti ukakauka, ukajikunja, matundu yakalegea. Asubuhi moja akaingia Shomari, mwenye bucha la kona ile pale, ameshika mpini mtupu.

"Mama Limi," akaniambia kwa sauti ya msiba, "mpini nimekurudishia. Kisu kimeniaga, kimeenda Masumbwe kutafuta dhahabu."

Kumbe bapa lilichomoka akiwa anakata paja, likaruka nje, likachoma tairi la baiskeli ya mteja. Mzee Jivan alicheka hadi akavua miwani. Halafu akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha magogo aliyoyaweka darini kukauka taratibu, akaniambia nigonge moja kwa kidole na nisikilize. Mti mkavu unaitika. Mbichi unanyamaza. Nanyi nawaona mnavyopima kwa macho tu, halafu mnasingizia gundi.

Huyo Shomari lazima niwaeleze, maana bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa Mzaramo wa kule pwani, aliyeletwa huku na biashara ya ng'ombe, akaoa, akanenepa, akasahau nauli ya kurudi. Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakishusha mizigo pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Kwa kuwa Mzee Jivan alikuwa Ngosha, Shomari alimhesabu Msukuma kamili, na kila siku ya Mungu alipita kumchokoza.

"Wewe Ngosha, unamfulia kisu mnyama usiyemjua hata ladha yake!"

Kweli, Mzee Jivan hakula nyama maisha yake yote. Visu vyake ndivyo vilivyochuna nusu ya ng'ombe wa Kahama, na yeye chakula chake dengu na chapati. Naye alikuwa hakosi jibu. "Na wewe unauza mifupa kwa bei ya nyama, Mzaramo, sisi tumekaa kimya."

Kwa sababu hiyo kisu hakukijaribia nyama. Alikijaribia kamba ya katani, ile ya kutekea maji, akiilowesha kwanza. Anakata kamba nzima, pindi baada ya pindi, mpaka inaisha. Kisha ananyoa nywele za mkono wake. Kisu kikinyoa, kinapata mpini. Kisiponyoa, kinarudi motoni. Ndiyo maana mkono wake wa kushoto ulikuwa laini kama wa bibi harusi.

Na moto wake, jamani. Ninyi mna feni ya umeme, mnabonyeza na kuangalia simu. Yeye alikuwa na mvukuto wa ngozi. Tulifulia springi za malori, kama ninyi sasa. Chuma kikishachovywa kwenye oili kinakuwa kigumu, lakini kikianguka sakafuni kinapasuka kama sahani. Ndiyo maana tunakisugua king'ae, tunakirudisha kwenye joto polepole, tunangoja rangi. Inakuja rangi ya bua la mpunga mkavu. Hapo hapo, toa. Ukichelewa inageuka kahawia. Ukichelewa tena inakuwa bluu nzuri ya kumpendeza mchumba, na kisu chako kitapinda kama ulimi wa mbuzi. Na jambo hili hufanyiwa kivulini. Mzee Jivan alirudia mpaka tukachoka: chuma hakisomwi juani, jua linakuficha rangi.

Wakati wa rangi, mkewe Mama Hasu alikuwa akija na kikombe cha chai, anasimama mlangoni. Haondoki. Anasimama tu hadi kisu kitoke motoni, kisha anaingia ndani. Sisi tulidhani anasubiri kikombe chake.

Mzee Jivan alikufa katikati ya miaka hiyo ya tisini, ghafla, moyo. Tulilia. Mimi nililia mpaka Limi akaanza kunifuta machozi kwa gauni lake. Ndugu zao wakaja kutoka Mwanza na Shinyanga, wamevaa nyeupe, na ilipangwa mwili upelekwe Mwanza siku ile ile ukachomwe kwa taratibu zao. Akaja na Hasu, mtoto wao pekee, aliyelelewa dukani kwa mjomba wake Mwanza tangu akiwa mdogo. Kijana mzuri, mwenye adabu, lakini karakanani alikuwa mgeni kama askofu.

Gari la maiti likawashwa. Nani amelala mbele ya tairi? Shomari! Amevaa aproni ya ngozi ya marehemu, amevaa miwani ya marehemu, amejifunga shuka kichwani. Anapiga kelele, "Ngosha haendi popote! Ataniachia nani wa kumtukana?" Akainuka, akaanza kutembea kama Mzee Jivan, mgongo umeinama, anajinusa vidole. Akamwamkia kila mtu kwa Kisukuma kibovu. Wasukuma tuliokuwepo tulicheka huku tunalia, ndivyo msiba unavyotakiwa. Wale ndugu wa Mwanza waliganda. Mmoja aliita askari wa barabarani aje amwondoe mlevi.

Halafu Shomari akafanya la mtani. Aliita vijana wanne wa buchani na mkokoteni, wakabeba fuawe, wakaiweka juu yake. Mnajua desturi, au bango ndilo mnalolijua peke yake? Mtani akishika kitu msibani, kinakombolewa. Kwa kuku, kwa soda, kwa neno zuri, kisha kinarudi na watu wanakula. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye heshima yake. Shomari alisimama pale akimtazama Hasu, akingoja mrithi aseme, "Mtani, nirudishie, nitakupa jogoo." Basi, yangekwisha.

Hasu alikuwa na baba yake ndani ya gari na watu wazima wakigaragara barabarani. Akasema kwa sauti, mbele ya wote, "Achukue hilo chuma. Mimi nauza kila kitu."

Vijana wa mkokoteni wakamgeukia Shomari.

Shomari akavua miwani taratibu, akamkabidhi Mama Hasu kwa mikono miwili. Akageuza mkokoteni, akaenda nao. Fuawe ya mgodini ikashushwa mbele ya bucha, chini ya mbuzi wanaoning'inia. Ndiyo hivyo, wajukuu zangu, mwenye mali wa tatu akawa Shomari. Mrithi amekataa kukomboa, na mashahidi ni mji mzima.

Hasu hakujali. Alikuwa na mnunuzi tayari, tajiri mmoja wa Masumbwe mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, aliyetaka kiwanja hiki awe anawekea mitambo yake. Miaka ile kila mtu alikuwa na wazimu wa machimbo. Mwalimu aliacha chaki, mganga akaacha vibuyu, wote wako kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wanafukua. Nani anataka kisu cha kukatia vitunguu? Sikumlaumu sana Hasu. Lakini niliogopa, jamani. Niliogopa sana. Limi alikuwa ameanza shule, mimi nilikuwa mwanamke mwenye jina, "yule wa visu," na nilijiona tena nimetandika gunia sokoni nimekalia kigoda, napunga mwiko kwa wapita njia.

Tajiri akaja na gari lake kukagua. Akazunguka kiwanja, akaridhika. Alipofika hapa katikati akaona gogo tupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mimi nikawahi kujibu, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja aulize. "Fuawe, baba. Ipo kwa mtani. Haijakombolewa."

Tajiri akarudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Naye alikuwa Msukuma, wa Mbogwe ndani ndani. Akamgeukia Hasu. "Kijana, unaniuzia mahali penye kitu cha mtani? Mimi nina watani wengi kuliko ndugu. Siku nikifa watabeba nini, mashine zangu? Komboa kwanza, ndipo uniite." Akapanda gari lake, vumbi likabaki.

Basi Hasu akaenda buchani, kwa adabu, na jogoo mkononi. Nilimfuata nikashuhudie, siwezi kukosa jambo kama lile. Shomari akampokea jogoo, akamweka kapuni, akamtazama Hasu.

"Jogoo alikuwa bei ya siku ile. Bei imepanda. Nataka kisu kimoja. Akifue mwenye mali kwa mikono yake, juu ya fuawe hii, hapa hapa. Nitakikatia kamba kama alivyokata baba yako, na nitanyolea mkono wangu. Na hawa mafundi wenu wasikusaidie hata kwa kukukonyeza. Mama Limi, hasa wewe, una jicho la uchawi."

"Sijui kufua," Hasu akasema.

"Hilo kila mtu analijua, mwanangu. Ndiyo raha yenyewe."

Mtoto wa watu asiyekula hata yai akawa mhunzi wa buchani. Tulimhamishia mvukuto na mkaa. Kila asubuhi anafika amejifunga kitambaa puani kwa harufu, juu yake utumbo umetundikwa, nzi wanamsalimia, na Kahama nzima imekuja kununua robo kilo ili imwangalie. Shomari hajawahi kufanya biashara kama ile. Kina mama walileta vigoda.

Kisu cha kwanza alikisahau kwenye moto hadi kikatoa cheche kama fataki. Chuma kikiungua kimekufa, hakifufuki. Cha pili kilipinda kwenye kamba. Shomari akakishika, akakikunja kwa kidole, akauliza kama ni kisu au ni mkanda wa suruali. Cha tatu kilimponyoka mkononi, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kikawa vipande viwili. Watu wakapiga makofi. Hasu akakaa juu ya fuawe, akajifunika uso. Mimi nilikuwa naona kosa lake waziwazi, meno nimeyauma mpaka taya linauma, lakini nimekatazwa hata kukonyeza.

Jioni ile Hasu akaniambia, "Mama Limi, nimeshindwa. Nitamwachia tajiri kiwanja kwa bei yoyote, na kama naye hataki, nitafunga mlango niondoke." Nikamwambia, "Fanya uonavyo, baba." Nikaenda nyumbani nikahesabu miiko yangu ya zamani iliyokuwa uvunguni. Panya walikuwa wameila.

Kesho yake nilipofika buchani nilimkuta Mama Hasu.

Tangu msiba hakuwa ametoka nje. Alisimama mbele ya bucha na sari yake nyeupe ya ujane, pindo ameliweka puani, anatazama lile jiko, anatazama jua. Jua la Kahama linapiga pale mbele asubuhi yote. Akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Nani amewaambia rangi ya chuma inatazamwa juani?"

Mimi nilitaka kumbusu.

"Shomari, leta turubai."

Shomari, mtani wa watani, akaenda mwenyewe kuleta turubai. Likafungwa, kivuli kikapatikana. Mama Hasu akalikunja pindo la sari, akalifunga kiunoni. Akachukua koleo. Akamwambia mwanawe, "Wewe shika mvukuto. Polepole, kama unambembeleza mtoto."

"Mama," Shomari akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "mimi nilisema afue mwenye mali."

"Ndiyo. Mume wangu alipata mke kabla ya kupata mtoto. Mlimwuliza Hasu, mkamwuliza tajiri. Mimi nani aliniuliza?"

Akaanza kufua. Wajukuu zangu, mimi nilikuwa nimefanya kazi katika nyumba ile miaka, na sikujua. Kabla hawajaajiri fundi hata mmoja, mume alishika koleo na mke akashika nyundo kubwa. Ndivyo ilivyo kwa wahunzi wa ukoo wao, wanawake wanapiga. Alipopata mimba ya Hasu ndipo alipoiweka chini. Na baadaye macho ya Mzee Jivan yalipoharibiwa na moshi, yule aliyekuwa anasimama mlangoni na chai hakuwa anasubiri kikombe. Alikuwa ndiye macho. Akitikisa kichwa, bado. Akiinamisha, toa. Sisi wajanja tuliona kikombe tu.

Hakupiga kwa nguvu. Alipiga mahali pake, akainua, akapiga tena. Alipochovya, oili ikalia. Akakisugua, akakirudisha kwenye joto, sote tukainama chini ya turubai. Rangi ya bua la mpunga ikatembea kwenye bapa, ikafika kwenye makali, na kabla sijatamka neno alishakitoa. Hasu alikuwa ameacha kuvuta mvukuto, anamtazama mama yake kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama, kumbe unajua?"

"Ulikuwa Mwanza," akamjibu, na akampangusa jasho la paji la uso kwa pindo la sari.

Shomari aliilowesha kamba. Akakata. Kamba yote ikaisha, vipande vimetapakaa hadi barabarani. Akakunja mkono wa kanzu, akapitisha kisu juu ya ngozi. Mkono ule ulikuwa na nywele kama mkeka. Ikabaki njia safi, inang'aa. Akainama.

"Shikamoo, Mama."

Shomari alikuwa mkubwa kwake kwa umri, lakini alimwamkia. Mama Hasu akaitikia, "Marahaba," kisha akaongeza, "Jogoo wangu nirudishie."

Kwa kicheko kilichofuata, naapa, mbuzi walitikisika kwenye ndoano. Fuawe ilirudi kwa mkokoteni ule ule, na Shomari ameikalia juu kama chifu, akidai kuwa mtani harudishi mali kwa miguu. Vijana walimsukuma mpaka hapa na ulimi nje. Tajiri wa Masumbwe alipokuja tena aliambiwa kiwanja hakiuzwi, lakini kama anahitaji moko, zile tindo za kuvunjia mwamba, zitafuliwa hapa. Marehemu asingekubali, yeye alitaka visu tu. Mama Hasu alisema visu vinakula kwa mgongo wa moko, hakuna aibu. Hasu akawa muuzaji wetu. Kufua hajui mpaka leo, lakini kuuza! Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru.

Mimi Mama Hasu alinitoa kwenye mipini, akanifundisha rangi. Alinisimamisha pale mlangoni, kikombe cha chai mkononi, nimwambie bado au toa. Nilikosea hadi chai ikawa inapoa kila siku. Hakunigombeza. Alisema tu, "Tazama chuma, usinitazame mimi." Alipozeeka alituita mimi na Hasu, akasema jambo moja. Siku akiondoka, Shomari atakuja, maana hana adabu. Basi yeyote atakayeikomboa fuawe ndiye mwenye karakana. Hasu akasema, "Sawa, Mama."

Na kweli Shomari alikuja, mzee, anatembelea fimbo, aproni ya ngozi inamburuta. Alilia kuliko sisi wote, na katikati ya kilio akawaita vijana wa mkokoteni. Hasu safari hii alinigeukia mbele ya ndugu zake wote wa Mwanza, akasema, "Mama Limi, nenda." Nikafulia pale pale buchani, chini ya turubai. Mvukuto alivuta Hasu, kichwa kina mvi. Nikamwomba Mama Hasu, huko aliko, asimame mlangoni. Shomari akakata kamba, akanyoa mkono wake uliokonda, kisha akaushika mpini na kuutingisha kwa nguvu karibu na sikio.

"Mti mkavu," akasema. "Hiki hakiendi Masumbwe."

Ndiyo historia ya bango lenu. Mhunzi wa mgodini, Mzee Jivan, muuza nyama, Mama Hasu, kisha mimi.

Sasa nawaambia kwa nini nimewakalisha. Shomari naye ametangulia, na tulimtendea haki msibani kwake, mimi mwenyewe nililala mbele ya jeneza nikadai robo kilo. Lakini mjukuu wake ndiye mwenye bucha sasa, na damu ile ni ile ile. Nikipita pale nikakohoa, anatoka nje kunitazama. Juzi nimemwona na mkokoteni mpya. Nimemwambia tairi zake ni dhaifu, fuawe itazipasua, aweke za pikipiki. Akasema, "Asante bibi, nitabadilisha wiki hii."

Mnacheka. Mimi nimepita mezani kwenu jana nikavishika visu vyenu vyote, kimoja kimoja, nikanyolea mkono wangu. Tazameni mkono huu. Nywele zote zipo.

Fuawe itakaa buchani muda mrefu sana, wajukuu zangu. Haya, washeni moto.